Maji Hayachukii Mafuta

Sifa mwanangu,

Itangazwe kwa wote wanaohusika, na hasa kwa wasiohusika, kwamba leo alasiri, katika nyumba ya mpika sabuni wa mji wa Baraka, mbele ya mashahidi wawili, yaani wewe na yule kuku mwekundu, sukari ilikataa kuyeyuka. Mwenye nyumba alikoroga. Alibadilisha kijiko. Alikoroga tena kwa upande wa pili, maana pengine sukari nayo ina mkono wake. Haikusaidia. Tangazo limeisha.

"Papa, umeweka ngapi?" uliniuliza.

"Mbili."

"Papa."

"Mbili, na zingine kidogo."

"Chai imeshiba, Papa. Ile inabakia chini, hata ukoroge mupaka Krismasi haitaingia."

Ukainywa hivyo hivyo kwa heshima, kama mtu anayekunywa dawa ya mkwe, ukaenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mimi nimebaki na kikombe chako na yale matope ya sukari chini yake. Nimekitazama muda mrefu kuliko mtu mzima anavyopaswa kutazama kikombe. Kisha nimechukua kalamu.

Mambo ya safari yako ya kuvuka ziwa siandiki. Namna ya kukunja nguo, dawa ya malaria, mahali pa kukaa ndani ya boti ili usilowe, hayo yote shangazi yako ameshakufundisha, na anaendelea kukufundisha hata ukiwa umelala. Mimi nitaandika juu ya kitu kimoja ambacho nimekaa nacho miaka mingi bila kukielewa: vitu vinavyochanganyika na visivyochanganyika.

Juzi ulikuwa unafua. Bila kuinua kichwa ukasema, "Papa, mi sitarudia kuishi hapa. Nitakuwa nakuja kusalimia." Nilijibu, "Sawa," nikaenda kuchochea moto ambao haukuwa umewashwa. Kusalimia. Anayesalimia ni mgeni, Sifa. Anapewa kiti, anapewa maji, anaulizwa habari za huko, na watoto wanaambiwa wasipige kelele. Nimejaribu kukuona umekaa hivyo kwenye uwanja huu uliojifunzia kutembea, na kila mara picha inanishinda.

Basi barua hii nilitaka kuiandika kwa kazi moja tu, kukuomba urudi. Tutaona kama itaifanya.

Unajua shule yangu iliishia darasa la nne. Kemia niliyo nayo niliiiba kupitia ukuta wa jiko. Ulipokuwa upande wa pili ukijisomea kwa sauti kwa ajili ya mtihani wa taifa, mimi nilikuwa nakoroga sabuni pole pole ili mwiko usigonge pipa nikakosa neno. Ulidhani nimezeeka. Nilikuwa mwanafunzi.

Mama yako pia alinijia kwa njia ya sabuni. Consolate alikuwa amevuka ziwa akikimbia vita vya kwao Burundi, pamoja na mama yake na kaka zake. Walikuwa wanalima shamba la watu. Siku moja alinunua kipande changu, na kesho yake akakirudisha kikiwa na alama ya kutumika.

"Sabuni yako inababua mikono," akasema.

Nikamwambia tatizo ni mikono.

"Nawa basi, tuone," akasema.

Nikanawa. Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimezidisha soda, ile kali ya kupikia sabuni. Mikono iliniwasha siku nzima, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha nilikuwa nimempelekea wazee. Mtu anayekuambia kosa lako akiwa ametazama uso wako, na bado akangoja umalize kunawa, huyo usimwache apite.

Nilimleta kwenye uwanja wetu. Unaujua: nyumba ya koko yako, yaani mama yangu, katikati, za kaka zangu pembeni, sufuria moja jioni. Na hapa nataka uelewe jambo, kwa sababu hata mimi ndilo lililonichelewesha. Hakuna aliyemtukana mama yako. Hata mmoja. Mara zote nilipojiuliza tatizo liko wapi, nilihesabu matusi, nikakuta hakuna, nikalala usingizi.

Kilichokuwepo ni hiki. Jioni tunakula, tunazungumza Kibembe. Hadithi inaanza kwa kaka yangu mmoja, koko yako anaidaka, mwingine anaongeza mkia, wote tunacheka mpaka machozi. Mama yako anatazama nyuso. Anauliza, "Amesema nini?" Na mtu, kwa upole kabisa, anamwambia, "Ah, ni mambo ya zamani ile, we kula tu." Anatabasamu. Kicheko chake kilikuwa kinafika baada ya vicheko vingine vyote, kama mtu aliyekosa gari akafika kwa miguu. Na kigoda chake kilikuwa kinasogea. Sikuona kikisogea. Niliona tu, siku moja, kwamba mke wangu anakula akiwa mlangoni.

Nilifanya nini? Nilikoroga. Sikukuu ikifika nilinunua samaki wakubwa, nikaita wote, nikamkalisha mama yako katikati ya mashemeji, nikapiga makofi, wakacheza, naye akacheza. Nilikwenda kulala nikijisifu. Wewe umeona ukimimina mawese kwenye maji ukakoroga kwa nguvu: yanakuwa kitu kimoja cha rangi ya chungwa, unaweza kuapa yamepatana. Weka mwiko chini, nenda ukajisaidie, rudi. Kila kitu kiko mahali pake pa zamani. Asubuhi baada ya kila sikukuu, kigoda kilikuwa mlangoni.

Halafu wewe ukazaliwa, akawa anakuimbia Kirundi. Nyimbo za kubembeleza, sauti ya chini, kama mtu anayeongea na moto usizimike. Mama yangu akasema, wala si kwa ubaya, "Mutoto huyu luga ile atasemea nani?" Na mimi, badala ya kumjibu mama yangu, nikamjibu mke wangu. Nilimwambia, "Mwimbie Kiswahili, kila mtu atasikia." Hakukuimbia Kiswahili, Sifa. Aliacha kuimba.

Yaliyofuata unayajua, umeyasikia kwa shangazi yako na umeyasikia kwa mama yako kwa simu. Siungami kitu hapa. Nayataja tu kwa sababu nataka uyasikie kwa mdomo uliohusika.

Wakati sabuni imeiva ndani ya pipa, inakuwa uji mmoja na maji yake. Huwezi kuvitenganisha kwa mwiko, wala kwa maneno. Ndiyo maana tunamwaga maji ya chumvi. Tunakaa, tunangoja, na sabuni inapanda juu yenyewe, maji yanabaki chini. Miaka yote nilidhani chumvi inaisukuma sabuni. Wewe ukanirekebisha: "Hapana, Papa. Chumvi inayavuta maji kupita sabuni. Maji inaacha sabuni inaenda kuzunguka chumvi." Hakuna ugomvi uliotokea ndani ya pipa. Amekuja tu mwenye kuvuta zaidi.

Siku ile watu wa Burundi walipoanza kurudi kwao, mama wa mama yako akasema yeye hakubali kuzikwa ng'ambo ya nyumba yake, anarudi kwao Rumonge. Kaka zake wakafunga mizigo. Mama yako alikuja kwangu jikoni akasema, "Twende wote." Nikacheka. Niende Rumonge kufanya nini, na pipa langu, na mama yangu, na kaka zangu? Akasema, "Basi niende na mutoto, tutakuwa tunakuja." Hapo sikucheka. Niliita wazee.

Wazee walikaa. Kwetu mtoto ni wa upande uliotoa mahari. Hili halina mjadala, hata mbwa wa mtaa analijua. Walinigeukia wakauliza mume anasemaje. Nilikuwa na neno moja ambalo lingefaa, neno fupi, mwacheni aende naye. Badala yake nikasimama, nikarekebisha ukosi wa shati, nikasema, "Sheria iko wazi." Wakanisifu kwamba nimesema kama mtu mzima.

Siku ya mwisho alifua nguo zako zote. Zote, hata zile safi. Akazianika kuanzia mti wa mpapai mpaka kwenye ukuta wa jiko. Asubuhi alipanda boti. Nguo zilikuwa bado mbichi. Zilikauka yeye hayupo, na mimi ndiye niliyezianua, na hadi leo sijui kama alinifanyia wema au aliniadhibu. Nadhani alikuwa anafua tu, maana mikono ilihitaji kazi.

Wewe ulikuwa na miaka sita. Uliniuliza yuko wapi. Nikasema amekwenda Nundu sokoni. Kwa nini Nundu? Kwa sababu ni karibu, na mtu wa Nundu hurudi jioni. Sikufikiri zaidi ya jioni. Ukawa unakwenda kukaa kando ya barabara, na kila gari lililotoka upande wa Nundu ulilisimamia wima. Madereva walikuzoea. Mmoja alikuwa anakupigia honi, akidhani unapenda magari. Nilikuwa nakuona kutoka jikoni. Nilikoroga.

Sasa nakuja kwenye siku ambayo ulinivunja, nawe pengine hukujua.

Ilikuwa mwaka jana, kabla ya mtihani. Ulikuwa unanieleza maji, kwa sababu nilikuwa nimejisahau nikauliza swali kupitia ukuta, na siri yangu ikatoka. Ukaja jikoni ukicheka. Ukaniambia kila chembe ya maji ina upande unaovuta na upande unaovutwa, kwa hiyo maji yote yameshikana mikono, hii na ile na ile nyingine, yanaachiana na kushikana tena kufumba na kufumbua. Ukasema mafuta nayo yanashikana, lakini kwa vidole tu, kama watu waliokutana wakingoja gari.

Nikasema, kwa uhakika wa mtu aliyepika vyote viwili, "Ndiyo maana maji yanachukia mafuta."

"Hapana, Papa. Maji haichukie mafuta."

"Mbona yanayafukuza?"

"Haiyafukuze. Maji inapendana yenyewe kwa yenyewe, sana. Imeshikana mikono yote. Mafuta inafika, inakuta hakuna hata mukono moja wazi." Ukachukua mwiko wangu, ukakoroga kidogo. "Sawa na hapa kwetu wakati mama alikuwa."

Ulisema hivyo bila kuniangalia, ukanirudishia mwiko, ukaenda kuchota maji.

Miaka yote, mwanangu, nilikuwa natafuta nani alimchukia, ili nimkasirikie. Sikumpata kwa sababu hayupo. Tulipendana tu. Mimi na mama yangu na kaka zangu tulikuwa tumeshikana mikono vizuri mno, na mimi, mume wa mtu, nilikuwa nimeshikana kwa yote miwili. Alifika, akakaa juu yetu kama mafuta, bila tone la ugomvi, mpaka akaondoka. Nikiwa na lolote la kukuambia kabla hujavuka, ni hilo: ukifika mahali ambapo watu wanapendana sana, usilegee haraka. Tazama kwanza kama kuna mkono wazi. Na ukiwa wewe ndiye mwenye nyumba, wacha mmoja wazi, hata kama unakuchosha ukining'inia bure. Sikulifanya. Ningelijua ningelifanya? Sitaki kujisifia kitu ambacho sikujaribiwa nacho.

Leo asubuhi, ulipokuwa sokoni, baba yako mkubwa Wilondja alikuja. Alikuwa amevaa koti. Kaka yangu akivaa koti kwenye joto la Baraka, ujue hajaja kusalimia.

"Nasikia mutoto anavuka," akasema.

"Anavuka."

"Anaenda kwa nani?"

"Kwa mama yake."

"Mama yake alijiendea mwenyewe. Mbuzi zetu zilirudishwa?"

"Mbuzi zile zililiwa kwenye arusi, kaka. Na wewe ulikula."

"Usinichekeshe. Mutoto iko wa ukoo. Siku ile mbele ya wazee ulisema vizuri, sheria iko wazi. Leo imeingia ukungu?"

"Siku ile nilisema vizuri kuliko siku zote za maisha yangu," nikamwambia. "Na tangu siku ile nyumba yangu iko kimya. Leo acha niseme vibaya. Sifa anaenda."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Sisi tulimufanyia nini ule mwanamuke? Sema. Nani alimutukana?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi hiyo hiyo. Hakuna aliyemutukana, na hakuna aliyemusogezea kiti. Hata mimi."

Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Nikadhani ananitafutia tusi linalonifaa. Kisha akauliza, akitazama ziwa, kama boti lenu lina yale majaketi ya kuelea. Nikasema lina. Akasema vizuri, akavua koti, akaomba maji ya kunywa. Hiyo ndiyo ruhusa yake na ndiyo baraka yake. Usitegemee nyingine, na usidharau hiyo. Kwa mtu wa koti ni nyingi.

Umenifundisha pia kwamba maji ya moto yanapokea zaidi kuliko ya baridi, kwa kuwa joto linailegeza mikono. Pengine ndicho kilichotupata. Tumepashwa moto mwingi katika nchi hii, sisi na wafugaji wa milimani kule Bibokoboko na wale waliovuka ziwa, na badala ya kulegea wengi wamezidi kukaza. Sijui kemia inasemaje juu ya hilo. Utaniulizia kwa mwalimu wako.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili nalijua kwa mikono, si kupitia ukuta. Ukifika kule watakuambia, kama wanavyokuambia hapa, kwamba wewe uliye na baba Mbembe na mama Mrundi umeletwa kuwaunganisha watu. Mchungaji atakuambia. Wajomba watakuambia. Itakuwa sifa nzuri, nawe una jina la kuipokea. Watakuwa wanakufanya sabuni: mkia wa chembe yake unashika mafuta, kichwa kinashika maji, na wao wanakutana katikati bila kugusana. Nimepika sabuni tangu kabla hujazaliwa, Sifa. Inafanya kazi hiyo vizuri sana. Lakini kazi ya sabuni ni kuisha. Kila inachokiunganisha, inakwenda nacho na maji machafu. Wakati ulipokuwa mdogo, mimi na mama yako tulipokuwa tumekasirikiana, tulikuwa tunakutuma wewe: mwambie papa chakula kiko tayari, mwambie mama sina njaa. Ulikuwa unakimbia kati ya mlango na jiko ukiwa na ujumbe mdomoni, umefurahi kwa kazi. Tulikupunguza. Ulikuwa na miaka mitano.

Usikubali tena. Wanaotaka kukutana, wakutane kwa mikono yao. Hata mimi na mama yako. Akikuuliza habari zangu, si lazima ujibu. Nikikuuliza habari zake kwenye simu, na nitauliza, nikijifanya naulizia hali ya hewa, nitajie hali ya hewa.

Nimefika chini ya ukurasa, na lile ombi bado liko mkononi. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Nilitaka kuandika kwamba koko yako amezeeka, kwamba pipa linahitaji mtu, kwamba chumba chako sitampa mtu. Yote ni kweli. Lakini kila nikiliandika linatoka na sauti ile ile ya mtu aliyerekebisha ukosi wa shati mbele ya wazee. Nilikushika mara moja kwa mikono yote miwili, na ulikaa kando ya barabara ukisimamia magari. Sikuombi urudi. Nenda ukakae na mama yako mpaka akuimbie, hata kama umekuwa mkubwa mno kwa wimbo huo. Mkae siku nyingi. Ukija kusalimia, nitakupa kiti, nitakupa maji, nitakuuliza habari za huko. Nitajifunza kuwa na mgeni kama wewe. Sijui nitajifunzaje.

Kwenye mzigo wako nimefunga katoni ya sabuni kwa ajili ya mama yako. Niliipika wiki hii peke yangu, soda nimeipima mara tatu, na nimenawa nayo kutwa nzima bila kuwashwa. Nilitaka ajue.

Shangazi yako amesoma juu ya bega langu sasa hivi. Anasema Rumonge wana mawese mengi kuliko sisi, na kila mtaa wanapika sabuni.